Sikio la Upande wa Pili

Igoki aliuinua utepe wa filamu hadi kwenye mwanga wa dirisha. Katika picha zile ndogo kama ukucha, wanawake wa Kanja, kijiji alikozaliwa, walikuwa wakichimba matuta. Nyuma yao alisimama mwanamume asiye na sikio la kushoto, akipokea kibuyu cha uji kutoka kwa mwanamke mzee aliyeipa kamera mgongo. Mwanamume huyo alikuwa Njoka, kaka yake, aliyekuwa msituni na wapiganaji mwaka wa pili sasa. Mwanamke huyo alikuwa mama yao, Ciakuthii. Siku ya kupiga picha hakuna mwanafunzi wa darasa la filamu aliyewaona, lakini kamera iliwaona.

Mwaka ule wa 1955, kumlisha mtu wa msituni kuliweza kumfikisha mtu kwenye kitanzi. Na saa tisa alasiri hiyohiyo, Kathuri, mkuu wa homgadi, walinzi wa serikali ya kikoloni, wa Kanja, angefika darasani Embu kuitazama filamu ya wanafunzi.

"Dada, unaikata hiyo filamu au unaiombea?" Runji, mwanafunzi mwenzake, alimtania.

"Naiombea. Imekataa kukatika."

Hakuthubutu kukiondoa kipande kile. Mwalimu Mwiti alikuwa amekipima na kukiandika, kwa kuwa ndicho pekee kilichoonyesha matuta yaliyokamilika. Basi akafanya kosa ambalo kila mwanafunzi alikwisha kulifanya na kukemewa: alikiunga kwa gundi kikiwa kimegeuzwa, upande wa ndani nje, ili kushoto kuwe kulia.

Saa tisa madirisha yalifunikwa kwa blanketi. Kathuri aliketi mbele, bunduki mapajani. Matuta yalipotokea, aliinama mbele.

"Simamisha hapo. Rudisha."

Runji akarudisha.

"Huyo si Njoka wa Ciakuthii?"



"Hapana," Kathuri akajijibu. "Njoka alipoteza sikio la kushoto. Huyu amekosa la kulia." Akacheka. "Na mbona wanawake wote hawa ni mashoto, Mwalimu? Ndivyo mnavyolima kwenu Meru?"

Mwiti aliona haya. "Ni kosa la kuunga, mzee. Kipande kimegeuzwa. Igoki, nimekwambia mara ngapi? Kirekebishe sasa hivi, mzee aone kazi safi."

Kathuri hakuwa ameelewa bado kwamba sikio nalo limegeuzwa. Angeelewa akiona.

Igoki alikipeleka kipande mezani. Ili filamu iungike, hukwanguliwa utando wa picha pale mwishoni tu, upana wa mstari mmoja. Alianza kukwangua hapo mwishoni, kisha wembe haukusimama. Alimkwangua kaka yake. Alimkwangua mama yake, na kibuyu, na matuta yote, hadi utepe ukawa angavu kama maji.

"Bado?" Kathuri aliuliza.

Mwiti alikuja, akautazama utepe, kisha akautazama wembe mkononi mwa Igoki.

"Kipande kimeharibika, mzee," alisema hatimaye. "Huyu mama hajui kazi. Hatapata cheti."

"Ndiyo, Mwalimu," Igoki alisema.

Kathuri alisimama, akamsogelea karibu mno. "Wewe mama, umetoka kwa nani?"

"Kwa Kithinji, mzee. Ruiri. Nimeolewa huko."

"Na ulizaliwa wapi?"

Igoki alifunika vumbi jeusi la picha alizokwangua kwa kiganja chake.

"Hukohuko, mzee."

Kathuri alimgeuzia mgongo. Kisha akaondoa blanketi dirishani, mwanga ukaingia, akauliza kama kuna chai.