Shimo la Pili

Ndoo ilipanda na povu. Zenon aliivuta hadi ukingoni mwa kisima, akaitua, akachuchumaa mbele yake kama anayemkagua mgeni aliyeingia bila hodi. Povu lilikuwa jeupe, zuri, lenye harufu ya ile sabuni ndogo ya waridi inayowekwa juu ya mito ya gesti. Chini ya povu kilielea kipande cha karatasi nyororo ya chooni. Nyumbani kwake karatasi ya namna hiyo haijawahi kununuliwa.

Ilikuwa Juni, na Juni ya Sumbawanga haina mzaha. Kijijini Kate, alikozaliwa, wapo wanaoapa kwamba mwaka fulani mkojo wa ng'ombe uliganda kabla haujafika chini, ukabaki umesimama kama fimbo. Watu wa Kate hawajulikani kwa kupunguza maneno. Lakini asubuhi hiyo vidole vya miguu vya Zenon vilikuwa ndani ya kandambili na yeye hakuwa na habari navyo.

Katikati ya matuta ya mkewe mvuke ulikuwa unapanda. Maji yalitoka ardhini karibu na barabara, yakazunguka tuta moja baada ya jingine, yakatuama usawa wa kisima. Huko juu, ng'ambo ya barabara, wageni wa gesti walikuwa wanaoga maji ya moto.

"Leo rangi gani?" mkewe, Avelina, aliuliza kutoka ndani.

"Nyeupe."

"Afadhali ya jana."

Alitoka na blanketi mabegani, akakaa kwenye mkeka ukutani, mahali jua hufika kwanza. Wiki ya tatu sasa tumbo lilikuwa halimwachi. Zahanati walimpa vidonge na kumwambia anywe maji safi. Alisema ndiyo, akarudi nyumbani.

Kisima hicho Zenon alikichimba mwaka alioleta mke. Nyumba saba za bondeni zilikuwa zinachota hapo, kwa sababu bomba la mtaa hutoa maji siku linapotaka. Sasa zilibaki mbili, nazo zilichota za kufulia. Bomba la gesti lisipofungwa, kisima kimekwisha. Hilo ndilo alilokwenda kulisema ofisi ya mtaa mara tatu, kisha kwa wakubwa zaidi mara mbili, akaambiwa arudi nyumbani, Bwana Afya atakuja. Leo ndiyo siku yenyewe.

"Usimwage hiyo ndoo," Avelina alisema. "Ifunike. Wakija waione."

Akaifunika kwa ungo.

Maji yale Zenon aliyajua. Aliyaleta mwenyewe.

Miaka minne nyuma Urbano, mwenye gesti, alimwita achimbe. Mchoro ulikuwa na mashimo mawili. La kwanza karo lenyewe, la tofali na saruji, ambamo uchafu unatulia. La pili shimo la mawe, halina sakafu, ambamo maji yaliyotulia huingia, ardhi ikayanywa kidogo kidogo. Zenon hasomi michoro, lakini mashimo anayasoma. Wala hana futi. Futi yake ni mwili wake: magoti, kiuno, kifua, shingo, halafu mkono ulionyooshwa juu. Shimo likiumeza mkono, limekamilika. Kwa kipimo hicho amechimba vyoo vya nusu ya mtaa na hakuna kilichobomoka, isipokuwa kimoja, na hicho mwenye nyumba alifunga ng'ombe wawili juu yake.

Alipomaliza karo, akahamia shimo la pili, Urbano akaja na kiti na kuketi palepale alipotaka kuchimba.

"Hilo acha, fundi. Hapa naweka banda la nyama choma. Mteja hali nyama juu ya shimo."

"Na maji yataenda wapi?"

"Chini. Kwani maji huwa yanaenda wapi?"

Zenon akachimba mtaro kupita chini ya barabara, akalaza bomba, akafukia. Pale bomba lilipotokea kilikuwapo kiwanja kimoja tu, chake. Alilipwa mabati, na mabati hayo ndiyo yaliyo juu ya nyumba yake mpaka leo.

Mwaka wa kwanza wageni walikuwa wachache, na kilichoshuka kilikuwa maji ya kuogea. Avelina alikuwa amepiga matuta kama mama yake alivyomfundisha, yale ya mviringo ambayo Wafipa huyaita intumba: nyasi zinageuzwa kichwa chini, udongo unarundikwa juu, zinaachwa zioze ndani. Maji yakapita katikati. Mahindi ya mwaka ule Zenon ameyasimulia mpaka yamezidi kurefuka. Eti kuku alipanda bua moja kutafuta wadudu na hakushuka mpaka kesho yake. Eti walivunia darini. Lililo la kweli ni kwamba alijaza kapu la mahindi mabichi na maharage, akavuka barabara, akampelekea Urbano. Mtu akikupa maji, mavuno ya kwanza unampelekea. Ndivyo alivyolelewa, na hakuona cha kuuliza.

Urbano alicheka sana siku ile. Walishika kapu pamoja, karani akawapiga picha kwa simu.

Kisha gesti ikaongeza vyumba. Gari la kunyonya majitaka halikuwahi kuitwa. Karo lenye mlango wa nyuma halijai.

Bwana Afya alifika saa nne, kijana anayeitwa Calvin, na buti nyeupe za mpira ambazo zilikuwa hazijakanyaga kitu. Hakuja peke yake. Urbano alikuwa pembeni yake ndani ya koti zito, mikono mifukoni.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibuni."

Calvin alimpa Zenon mkono. Mkono ulikuwa na harufu ya waridi. Zenon aliushika kidogo zaidi ya ilivyohitajika, akauachia.

"Haya maji ni ya nani?" Calvin aliuliza, kalamu ikielekea kwenye matuta.

"Ya huyu." Zenon alimwonesha Urbano kwa kidevu.

"Nauliza yapo kwenye kiwanja cha nani."

"Changu."

Calvin akaandika.

"Yanatoka kwenye bomba lake," Zenon alisema. "Bomba nimelaza mimi. Naweza kukuonesha lilipo."

"Kwa hiyo fundi ni wewe."

"Mimi."

Akaandika tena. Akayazunguka matuta, akiinua buti kama anayepita kwenye vifaranga. "Inawezekana pia ni maji ya mvua."

"Mvua ya mwisho ilikuwa Aprili, mwanangu."

"Ardhi huwa inatunza, mzee."

Avelina alinyoosha mkono kutoka mkekani, akaondoa ungo juu ya ndoo. "Na karatasi hii nayo ilinyesha Aprili?"

Urbano ndiye aliyecheka. "Mama Lydia, naona ulimi haujaugua."

"Ulimi haunywi kisimani, baba. Ni tumbo."

Calvin alichungulia ndoo, akarudi hatua moja. "Tatizo ninaloliona hapa ni matuta. Ya mviringo hivi yanatuamisha maji. Yangekuwa hayapo, maji yangepita."

"Yangepita kwenda wapi?" Zenon aliuliza.

"Chini."

Chini ilikuwa nyumba yake. Wanaume watatu waliitazama, mabati yake yakiwaka juani.

"Matuta haya tunayapiga tangu kabla ya mji," Avelina alisema.

"Lakini sasa ni mji, mama."

Hapo Urbano akatoa mkono mfukoni, simu ikiwa ndani yake. Aliitafuta picha bila haraka, akamwonesha Calvin, kisha akaigeuza Zenon aione. Watu wawili na kapu. Mmoja alikuwa amefumba macho kwa kucheka.

"Huyu nani, fundi?"

"Mimi."

"Ulileta nini siku hiyo?"

"Mahindi."

"Nilikuomba?"

"Hukuniomba."

"Sasa ulileta kwa nini?"

Zenon alitafuta jibu lingine. Alilitafuta kweli, alitazama mpaka kwenye ncha za kandambili zake.

"Kushukuru."

"Kushukuru nini?"

"Maji."

Kalamu ya Calvin ilikwenda muda mrefu. Alipomaliza aliwasomea kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusoma maneno hayohayo kwingine. Kwamba mwenye kiwanja ndiye aliyelaza bomba. Kwamba aliyapokea maji kwa hiari na amenufaika nayo. Kwamba kisima si salama na kinafungwa kuanzia leo. Kwamba ndani ya siku kumi na nne mwenye kiwanja atachimba, kwa nguvu zake, shimo la kupokelea maji, la sivyo matuta yataondolewa na yeye atapelekwa mbele ya sheria.

"Kwa nini asichimbe huko yanakotoka?" Zenon aliuliza.

"Kule kuna sakafu ya zege," Calvin alisema. "Na banda. Ni biashara ya watu, mzee, inalipa kodi."

"Shimo la namna gani?"

Calvin alifunua karatasi nyingine. Mchoro. Zenon hasomi michoro, lakini huu alikuwa ameshauona.

"La mawe, halina sakafu. Unalijua?"

"Nalijua."

"Basi weka sahihi hapa."

Aliweka. Calvin alitoa kopo la rangi, akachora msalaba mwekundu kwenye ukingo wa kisima, akasugua kidole kwenye majani.

"Na hiyo ndoo imwage, mzee. Itavuta nzi."

Zenon aliinyanyua, akasimama nayo. Hapakuwa na pa kuimwaga ila katikati ya matuta. Akaimwaga.

Kesho yake Urbano alimtuma mhudumu alete mtaimbo. "Anasema ni ule uliokuwa unautumia kwake," mhudumu alisema. "Ukimaliza urudishe."

Pa kuchimba palikuwa mahali pamoja tu, hatua tano kutoka dirisha la chumba chao. Zenon aliyasawazisha matuta, moja moja. Ndani nyasi zilikuwa zimeoza vizuri, nyeusi, laini kama ugali wa ulezi. Avelina alitazama kutoka mkekani mpaka jembe lilipofika tuta la mwisho.

"Hilo lilikuwa la maboga."

"Najua."

Watu wa bondeni walipita barabarani na madumu yao matupu, wakaamkia, wakaendelea.

"Umefika wapi?" Avelina aliuliza siku ya kwanza jioni.

"Magotini."

Siku ya tatu alikuwa kiunoni. Akakutana na mwamba, akautoboa kwa mtaimbo. Siku ya saba, kifuani. Maji ya kunywa jirani mmoja aliwagawia nusu dumu, Avelina akayachemsha, akayanywa, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi.

Asubuhi ya kumi na moja baridi ilikuwa ile inayosemwa Kate. Zenon alishuka kwa ngazi bila viatu, kwa kuwa kandambili zilishakatika. Alichimba hadi ardhi ikafika shingoni, akaendelea. Miguu ilikuwa imekufa ganzi tangu alfajiri. Aliitazama mara moja ili kujua ilipo, asije akaipiga sululu.

Ukuta wa upande wa barabara ulianza kutoa jasho. Kwanza matone, kisha uzi, kisha maji yakaja yenyewe, yenye povu, yakijaza nyayo alizoziacha kwenye tope. Harufu ya waridi ikapanda ndani ya shimo.

Yalikuwa ya moto. Si sana. Ya moto kama chai iliyosahaulika mezani.

Yalifika vifundoni, na miguu ikaanza kurudi, kidole kimoja kimoja.

"Umefika wapi?" sauti ya Avelina ilitoka juu.

Zenon alinyoosha mkono.

"Vidole bado naviona," Avelina alisema.

"Bado kidogo, basi."

Sululu ilikuwa imeegemea ukuta, karibu. Hakuichukua. Alisimama palepale, mkono juu, na hakuitoa miguu majini.