Kitabu Alichokibusu Fahmi

Binti yangu Nabiha alikuwa hapendi kusoma hata kidogo. Mwaka huu shoga yake akamwazima riwaya ya mapenzi, na tangu hapo chakula kinapoa yeye yumo kitabuni, anacheka peke yake. Nilifurahi mno.

Furaha hiyo ilimuudhi Fahmi. Yeye na wenzake wamejipa kazi ya kulinda maadili ya Mji wa Kale, hakuna aliyewatuma. Walimwona Nabiha akisoma barazani, wakaingia ndani bila hata kupiga hodi, wakaichana riwaya mbele yetu. Kisha wakapekua kabati.

Humo mlikuwa na kitabu cha marehemu nyanya yangu, Kiswahili kilichoandikwa kwa mkono kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee. Ni mashairi ya mapenzi matupu, makali kuliko ile riwaya. Fahmi aliziona herufi tu, akakibusu, akakigusisha kwenye paji la uso, akakiweka juu kabisa.

"Msomeshe hiki, mwalimu," aliniambia.

Mwalimu! Huyu nimemfundisha mimi alifu na be, katika chuo changu cha Kurani.

Walipotoka nilimwambia Nabiha kilichomo. Hakucheka. Alikuwa akiokota vipande vya riwaya sakafuni.

"Mama, na siku akikisoma?"

"Hasomi huyo," nilimjibu.

Miaka yote nimewaombea wanafunzi wangu wapende kusoma. Siku hiyo nilimwombea Fahmi asisome kamwe.