Saa ya Sylvain Kwenye Mazishi ya Mama

Hebu mtazameni! Mama yake yuko ndani ya sanduku, na yeye Sylvain anatikisa mkono wa kushoto kama anayefukuza inzi, ili tu ile saa yake ipate jua. Brigitte, dada yake mdogo, alimwangalia akageuza uso. Siku mbili nzima za kilio pale nyumbani, mtaa wa Makomeno, kaka mtu hakuuliza mama alikufaje, lakini kila aliyekuja kutoa pole alisomewa habari za saa.

"Kuko fundi mumoja kule Suisse, Ulaya," alikuwa akimwambia shangazi mmoja aliyekuwa akijifuta machozi, hapo hapo makaburini. "Hana na usine wala mashine, anafanyaka na mikono yake mwenyewe. Mu dunia muzima ziko saba tu. Almasi zote ni za kweli! Miye nilingojea miaka tatu."

Miaka mitatu aliingojea saa. Na mama, miaka hiyo hiyo, alimngojea yeye kitandani, asimwone hata siku moja. Puu! Bwana mkubwa, aliyenenepa kwa kuuza mawe ya shaba yaliyochimbwa na wenzake.

Brigitte angempuuza tu, kama si neno moja. Kabla ya kukata roho, mama aliomba udongo wa kwanza uangushwe na mkono wa Sylvain, mtoto wake wa kwanza na wa kiume pekee. Brigitte aliapa kwamba itakuwa hivyo. Basi akameza hasira, akamshika kaka yake mkono, akamsogeza mpaka kwenye shimo.

Shimoni kulikuwa na mtu. Mama Kunda, muuza samaki wa Naviundu, amelala chali, kitenge mpaka kidevuni, anakoroma kwa makusudi. Huyo ni mtani wa ukoo wao, na mtani akija msibani ana ruhusa ya visa vyote, mfiwa hakasiriki.

"Sitoke!" Mama Kunda akapiga kelele. "Mama yenu atafute fasi ingine. Nitatoka yule bwana akinipatia saa yake!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Brigitte akamnong'oneza kaka yake: "Yaya, kaka yangu, ni mchezo. Vula saa umupatie. Tutamupa kuku, na yeye atakurudishia palepale."

Kila mtoto wa Makomeno anajua hivyo. Sylvain naye alijua zamani, kabla hajavimba kichwa. Sasa aliifunika saa kwa kiganja, akatoa macho.

"Hii saa inapita manyumba yenu yote! Mutoe huyu wazimu!"

Walinzi wake wawili wakashuka, wakamvuta mama wa watu kwa makwapa mbele ya umati. Kicheko kikakatika. Mtani kutolewa kwa nguvu! Brigitte aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Sanduku lilishushwa, na hakuna aliyeimba.

"Mtoto wa kwanza," akaita Padri Alexis.

Sylvain alichungulia ule udongo mwekundu, akakunja pua. "Vumbi iko mingi. Ikiingia mu saa, ni fundi mwenyewe tu njo anaweza kufungula." Akamgeukia dereva wake. "Gradi, tupa ku jina yangu."

"Hapana, patron," dereva akasema. "Huyu haiko mama yangu miye."

Lo, Sylvain, mtu mzima, alifanya nini? Alipanda jeep yake, akapandisha vioo, akashika usukani mwenyewe, akaenda zake. Brigitte alibaki amesimama na kiapo chake. Hakuna aliyethubutu kugusa udongo, maana wa kwanza ulikuwa bado.

Ndipo Mama Kunda akatoka katikati ya watu, kitenge kimejaa vumbi. Akatoa tumbo mbele, akainua mkono wa kushoto ulio mtupu, akautikisatikisa juani.

"Niko hapa, Padri," akasema kwa sauti ya puani. "Ni miye Sylvain."

Alikuwa Sylvain mwenyewe, na hakuna aliyecheka. Mtani akisimama mahali pa mtu, ndiye mtu huyo. Hilo halina ubishi. Padri alimtazama, akaitikia kwa kichwa. Mama Kunda akapiga magoti, akazamisha mikono yote miwili kwenye udongo, akauachia polepole juu ya sanduku.

"Mama, lala muzuri," akasema, na sasa sauti haikuwa ya mzaha. "Ni mutoto wako. Unisamehe, nilichelewa."

Brigitte akalia kwa sauti, kilio alichokibana tangu juzi. "Asante, yaya," akamwambia, kama anavyomwita kaka yake. Watu wote wakashika udongo, shimo likajaa.

Walikuwa wamerudi Makomeno, wakinawa mikono getini, simu ya Brigitte ilipolia.

"Brigitte, saa nimeacha ku nyumba," sauti ikasema mbiombio. "Muningojee. Niko njiani, nakuja kutupa udongo wa mama."

"Ni nani?"

"Ni Sylvain!"

"Unadanganya," Brigitte akasema. "Sylvain amekwisha kuzika mama yake. Nilimuona na macho yangu." Akakata simu.