Kimya Baada ya Swali

Wifi yangu anafundisha hisabati chuo kile kile ninachofundisha kemia, na miaka yote amekuwa akiufundisha ubao. Wanafunzi walibaki nyuma ya mgongo wake, wakipungua taratibu kama maji kwenye ndoo inayovuja. Mkuu wa idara yake alishamwonya: viti visipojaa muhula huu, darasa la mwaka wa kwanza anapewa mtu mwingine. Na wifi analipenda darasa lile kuliko kitu chochote, kaka yangu akiwemo.

Mimi ndiye mhubiri wa ufundishaji bora pale chuoni. Nimewachosha wenzangu kwa wimbo mmoja: uliza swali, kisha nyamaza mpaka mwanafunzi ajibu. Tunatembeleana madarasani, mgeni anakaa kiti cha nyuma, hasemi neno.

"Na wasipojibu?" wifi aliniuliza.

"Unangoja."

"Nizeekee pale?"

"Ulishazeeka, wifi. Wewe ngoja tu."

Basi nikaenda kukaa nyuma. Ilikuwa saa ile ya mchana ambayo ukumbi mzima kama unaelea. Feni zilizunguka polepole, vumbi la chaki likicheza kwenye mwanga wa dirisha, na sauti ya wifi ikanifikia kama inatoka chumba cha pili. Akaandika mlinganyo. Halafu, kwa mara ya kwanza, akageuka akawatazama wanafunzi.

"Kwa nini hapa hatuwezi kugawanya?"

Kimya kikatanda. Kilikuwa kimya kizito, cha usingizini, hata nikasahau leo ni siku gani. Niliona wifi akianza kuugeukia ubao tena, nikamwonea huruma. Msichana wa mbele akaanza kuinua mkono, taratibu, kama anayejinyoosha kitandani.

"Kwa sababu ni sifuri!" nikaropoka mimi.

Mkono wa msichana ukashuka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mganga hajigangi, sawa, lakini mimi nilikuwa nimemwaga na dawa ya mgonjwa.

"Wewe wa nyuma," wifi alisema kwa upole. "Nje."

Ukumbi ukacheka. Nikabeba mkoba wangu, nikatoka, nikabandika sikio mlangoni.

"Na kama hatujui ni sifuri au siyo, tufanyeje?" wifi aliuliza.

Kimya tena. Safari hii nikauma kidole.

"Mimi naona..." ilianza sauti nyembamba.

"Hapana, sikubaliani," ikadakia nyingine. Zikafuata sauti juu ya sauti, na katikati yake wifi akicheka kicheko ambacho hata nyumbani sijawahi kukisikia. Machozi yakanitoka.

Mkuu wa idara yake akatokea kwenye korido, faili kwapani.

"Mwalimu, unafanya nini hapa?"

"Nimefukuzwa darasani."

Akakunja uso. "Kelele zote hizi, darasa la nani?"

"La wifi yangu."

Aliutazama mlango. Kisha akaweka faili zake sakafuni, nami nikamsogezea nafasi mlangoni.