Karani na Mpole

Mpiga picha alikuwa na lenzi tatu kuukuu na moja mpya, na zote alizipa majina, kama mtu mwenye kuku wachache anaowapenda kupita kiasi. Mlevi aliyazungusha majani nyuma ya mtu mpaka yakaonekana yanacheza. Bibi alimwaga mwanga pembeni. Mpole ndiye aliyekuwa kipenzi: macho ya mtu aliyaacha mazima, mengine yote akayalainisha. Ile mpya aliiita Karani, kwa sababu iliandika kila kitu, hata usichoulizia.

Kaka yake, fundi cherehani na mjane, hakuwataka hao wazee. Alikuwa amemshonea binti yake wa pekee gauni la harusi kwa mkono wake, na picha moja ingetundikwa dukani, juu ya cherehani. Binti alikuwa anaolewa mbali, kwa hiyo picha hiyo ndiyo ingebaki. Fundi alisema anataka kila mshono uonekane, kwamba Mpole ni kitako cha chupa ya dawa, na kama dada mtu hawezi, wapiga picha wamejaa mjini. Mwamba ngoma huvutia kwake. Dada mtu alinuna. Mtoto yule alimbeba mgongoni mwenyewe, na alijua kitakachomuuma kaka yake baadaye hakitakuwa mshono.

Siku ya harusi alifunga Karani kwenye kamera, akapiga alichoagizwa. Kisha, fundi alipokwenda kugombana na wapambaji, akafunga Mpole. Lenzi hiyo haina haraka. Unaizungusha pete yake ya kulenga kwa mkono, taratibu, na bibi harusi akachoka kuweka pozi. Akauliza, sasa baba atakuwa anakula na nani mchana? Shangazi akabonyeza hapo hapo.

Picha zilipotoka akazipeleka zote mbili dukani. Fundi alivaa miwani, akaipitia ya Karani kwa kidole, mshono kwa mshono, akijisifu bila haya. Kwenye bega la kushoto kidole kikasimama. Uzi ulikuwa umeruka.

"Umeuona?" akauliza kwa sauti ndogo.

Dada alisema hakuuona, na kweli hakuwa ameuona, lakini kaka hakuweza tena kutazama kitu kingine. Kila mteja atauona, akalalamika. Dada alicheka mpaka akaketi juu ya majora ya vitambaa. Kisha akamsogezea picha ya Mpole.

"Mishono yangu iko wapi?"

Akaipeleka mlangoni penye mwanga alitafute bega. Begani hakufika. Aliishia machoni, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Alikuwa anawaza nini hapa?"

"Alikuwa anauliza utakula na nani mchana."

Fundi alilia, wala hakujificha. Dada akamwambia atakuja kula naye mwenyewe, ila kupika asimtegemee.

Ya Karani ikaishia kwenye droo ya vifungo, ya Mpole ikatundikwa juu ya cherehani. Siku moja wakiwa wanakula dukani, mteja aliingia, akaitazama picha ukutani, akauliza nani kashona gauni lile zuri. Dada akaacha kutafuna, maana kaka yake hajawahi kuiacha sifa ipite mlangoni.

Fundi akainua macho ukutani, akatafuta.

"Gauni lipi?" akasema. "Huyo ni binti yangu."