Picha Ishirini kwa Sekunde

Ukitaka kujua kazi inavyoweza kumtia mtu wazimu, muulize Spana. Yeye hupima mwendo wa programu inayochora picha ndani ya kivinjari cha simu: kwa sekunde moja, imechora picha ngapi? Zikiwa nyingi, kitu kwenye kioo kinatembea laini. Zikiwa chache kinakwama-kwama, na mwenye simu anakutukana hata hakujui.

Kila mpimaji ana mchoro wake wa kupimia. Wenzake walichora mipira na nyota. Spana alichora ua wa kwao: ukuta uliobanduka chokaa, ndoo, baiskeli iliyopinduliwa magurudumu juu, na fundi kwenye kigoda akizungusha gurudumu aone kama limepinda. Fundi huyo ni baba yake, ndiye aliyembandika jina la Spana, maana tangu ajue kutembea alikuwa akimshikia spana. Baba ametangulia mbele ya haki, nyumba imeuzwa, na mama amehamia kwa dada mkubwa, kwenye vyumba viwili. Ua ule sasa uko mahali pamoja tu duniani, kwenye ukurasa wa majaribio. Spana alimtumia mama kiungo, na mama akawa anaufungua kila siku kwenye kisimu chake cha zamani. Spana mwenyewe hajakanyaga kwao miaka mitatu. Kila mwaka husema mwakani, na huo mwakani nao huja na mambo yake.

Jumatatu asubuhi mkuu wa kitengo alisimama mezani pake. Wanamwita Mizani, kwa kuwa hata salamu huipima kabla ya kuitoa.

"Simu ya aina hii inachora picha saba kwa sekunde," akasema, akigusa mstari mwekundu kwenye orodha ya simu zinazofungua majaribio. "Ijumaa, isiyofika ishirini tunaiacha. Toleo jipya halitafunguka humo."

Simu ya aina hiyo ilikuwa moja tu kwenye orodha.

"Ni ya mama yangu, bosi."

"Mnunulie nyingine."

Haya, mnunulie! Alishamnunulia. Bado imo kwenye boksi lake juu ya kabati, kwa sababu mama anasema ni kubwa mno, inamtoa jasho mkononi.

Basi Spana akakaza mkanda. Jumanne aliondoa vivuli, picha saba. Jumatano akafuta ndoo na nusu ya ukuta, huku roho inamuuma kama anaiuza nyumba mara ya pili. Saba. Alhamisi, sita! Jamani, unampunguzia punda mzigo, naye ndiyo kwanza analemewa? Kilichobaki kufuta ni baba, na huyo hakumgusa. Akachukua simu akampigia mama.

"Afadhali umepiga," mama akasema. "Gurudumu la baba yako siku hizi linakwama. Asubuhi linazunguka vizuri, halafu linachoka."

Spana akakaa wima. "Linachoka saa ngapi, mama?"

"Sijui. Simu ikishakuwa ya moto. Mpaka naishika na kitambaa."

Spana akafungua kumbukumbu za jaribio. Ukurasa ulifunguliwa saa mbili asubuhi, ukafungwa saa saba mchana. Lo! Jaribio lenyewe ni la dakika mbili. Yeye ndiye aliyeandika kwamba wastani uhesabiwe tangu kufungua hadi kufunga, maana pale ofisini kila mtu akishaona namba hufunga akaendelea na yake. Haikumpitia akilini kwamba kuna mtu atakaa pale saa tano nzima. Simu ikipata joto hujipunguzia kasi isiungue, basi namba zote zikaharibika.

"Mama, ukishaliangalia kidogo unafunga. Jaribio ni la dakika mbili tu."

Mama akasema, "Nikifunga, baba yako anaondoka."

Spana akaufungua ua ule kwenye kioo chake.

"Halafu wewe mtoto," mama akaendelea, "anayemshikia spana yuko wapi? Kila siku namngoja atokee pale mlangoni. Nilidhani nikikaa sana, utatokea."

Hapo machozi yakamtoka Spana mchana kweupe, mbele ya wenzake, wala hakuyafuta. Alikuwa amemkumbuka mama mpaka kifua kikauma. Mlango aliuchora, bawaba na komeo, lakini hakukumbuka kumchora mtu wa kuutokea.

Ijumaa alimwonyesha Mizani dakika mbili za kwanza tu, simu ikiwa baridi: picha ishirini na nne.

"Kosa ni langu," akasema.

"Lirekebishe. Dakika mbili zikiisha, ukurasa ujifunge."

"Kipimo kitasimama, bosi. Gurudumu litaendelea kuzunguka. Na naomba likizo, kuanzia leo."

Mizani akamtazama, akalipima hilo nalo, akaitikia kwa kichwa.

Jumamosi asubuhi, kama kawaida, mama alikuwa kitandani kwake na simu mkononi, kitambaa pembeni, gurudumu likizunguka laini. Mlango ukagongwa.

Jumatatu Mizani alipopitia orodha, alidhani ile simu imeharibika. Mstari wa Jumamosi ulionyesha ukurasa umefunguliwa saa mbili asubuhi, ukafungwa saa mbili na dakika tatu, na tangu hapo haujafunguliwa tena.