Mjane wa Kapiteni Valdor

Sofia alikuwa mjane mara moja tu, na hiyo moja ilimtosha. Mumewe, Yuma, alikwenda Pweto kununua samaki wakavu, homa ikammaliza, akazikwa hukohuko. Alipotoka eda tu, shemeji yake Abibu akabisha hodi na kilo ya sukari. Desturi ni desturi, alisema. Mke wa marehemu ni wa mdogo wake, na nyumba ya hapa Kamalondo haiwezi kukaa bila mwanaume. Kumkataa waziwazi kungemtupa Sofia barabarani na masufuria yake. Basi akasema neno la kwanza lililomjia mdomoni:

"Shemeji, ngoja kwanza *Meli ya Zohali* iishe. Ikiisha, nitakujibu."

Abibu, masikini, akakubali. Alidhani ni filamu ya jioni moja! Hakujua kwamba inaonyeshwa kila Jumatatu tangu ule mwaka tulipoambiwa tuache majina ya Kizungu, na dalili ya kuisha hakuna. Mtaa mzima ulijazana sebuleni kwa Edouard, Mkasai mfanyakazi wa reli, mwenye televisheni, na waliokosa nafasi wakaning'inia dirishani. Kapiteni Valdor aliruka nyota hadi nyota akipatanisha viumbe wenye vichwa vitatu, na watu walimpenda vibaya sana. Bukari, ugali wetu, iliungua jikoni, hakuna aliyejali. Sofia alimpenda kuliko wote, kwa sababu Valdor aliuliza kabla ya kumwamulia mtu jambo. Mwanaume wa namna hiyo hakuwa amemwona kwingine.

Abibu naye akaanza kuja kila Jumatatu, kukagua kama imeisha. Mwanzoni alikaa nyuma akisonya. Baadaye akaleta kiti chake. Mwishowe ndiye aliyekuwa akiwakemea wanaokohoa.

Ndipo Jumatatu moja Valdor akaiingiza meli ndani ya jua, ili aokoe watu wa sayari ambao hata aksanti hawakumwambia. Moto, muziki wa huzuni, kwisha. Wiki iliyofuata tukaonyeshwa wacheza ngoma wa chama. Iliyofuata, walewale.

"Njo imeisha," alisema Edouard.

Mtaa ukaweka kilio. Mnacheka nini? Mtu mmemzoea miaka yote hiyo, afe tu hivi hivi kama kuku? Matawi ya kuonyesha msiba yakatandazwa barabarani, moto ukawashwa uani kwa Edouard, bukari ikapikwa. Mtu wa chama akaja mbio.

"Citoyens! Wananchi! Nani amekufa, mi sina habari?"

Alipoambiwa, alivua kofia. Akauliza nani sasa ataongoza meli, kisha akakaa na kuomba samaki.

Shida ikawa moja: kilio hakikuwa na mwenyewe. Watu wanakuja kutoa pole, wamshike nani mkono? Valdor hakuwa na mke. Na pale kando ya moto Abibu alikuwa amesimama na shati jipya na kilo mbili za sukari. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini alisema ni moshi. Sofia alimwona. Imeisha, na jibu linadaiwa.

Akajifunika kitenge kichwani, akaketi kwenye mkeka.

"Mi njo muke yake," alisema. "Nimeingia eda."

Abibu akaruka. "Eda ya muntu wa televisheni? Muntu hana hata kaburi!"

"Na la Yuma, uliliona?"

Edouard akaona ni nyumba yake, basi hukumu ni yake.

"Abibu, ulikula bukari ya kilio?"

"Nilikula."

"Na samaki?"

"Kidogo."

"Basi marehemu unamutambua. Muache muke yake alie."

Sofia alikuwa amepanga kulia kwa uongo. Lakini machozi yakaja yenyewe. Alimlilia Valdor, alimlilia Yuma, akajililia na mwenyewe, mpaka Honorine, mke wa Edouard, akamletea maji.

Miezi ya eda ikapita, na kila asubuhi Abibu alipita mlangoni akitangaza siku zilizobaki. Siku ya mwisho ikaangukia Jumatatu. Watu walikuwa kwa Edouard, kwa mazoea tu, wakiwatazama wacheza ngoma. Sofia alikaa pembeni. Ghafla ngoma zikakatika, ukaingia ule muziki wao. Jua likapasuka, meli ikachomoka nyeusi tititi, na Valdor ndani yake, mzima, ameota ndevu.

Aliyepiga kelele kwanza ni Abibu.

"Iko muzima! Muntu yetu iko muzima!"

Kiti kikaruka huko. Alimkumbatia Edouard, akamkumbatia mtu wa chama, akabusu kioo cha televisheni mpaka Honorine akamfukuza asikichafue. Alilia waziwazi, na moshi haukuwepo. Kisha akageuka, akakuta Sofia anamtazama. Kila mtu pale alijua leo ni siku gani.

Abibu akajifuta pua. Alitazama kioo, ambako Valdor alikuwa akiomba maji ya kunywa, akamtazama Sofia, akarudi kwenye kioo.

"Shemeji," alisema polepole, "mi siwezi kuoa muke ya muntu muzima. Na zaidi muke ya huyu."

Kisha akainua kiti chake, akaketi, akamwambia mtu wa chama anyamaze, anataka kusikia.